Kaza, Legea

Shuleni mwalimu alimketisha mmoja wetu juu ya meza, akamgonga chini ya goti. Mguu ukaruka, tukacheka. Akasema mguu haukuomba ruhusa kichwani. Habari imefika kwenye uti wa mgongo na amri imetoka palepale: msuli wa mbele, kaza, wa nyuma, legea. Bila ile amri ya pili, alisema, binadamu angekuwa gogo.

Mwanangu wa kwanza alikuwa gogo kabla ya arobaini yake.

Tulikaa Makorora, nyumbani kwa mavyaa, mama wa mume wangu. Asubuhi mtoto aliacha kunyonya. Taya limebana, midomo imevutika kama anayecheka. Upepo ukabamiza mlango, mgongo wake ukapinda.

"Pepopunda," akasema mavyaa.

Basi. Likishatajwa pepo, huitwa mganga. Akaja na ubani, akaja na ngoma. Kila pigo, mtoto alikakamaa.

"Mwaona? Pepo anaitika," mganga akasema.

"Mgongo ndio unaoitika! Ni sumu, imeingia kitovuni kwa lile jivu mlilompaka!"

"Haya, msomi," mavyaa akanijibu. "Mnyonyeshe kitabu, basi."

Nikapiga ukelele. Kwa ukelele wangu mtoto akajipinda mpaka kisogo kikataka kukutana na visigino. Nikajiziba mdomo. Tangu hapo hasira zangu zote nilizinong'ona, na mtu anayenong'ona hakuna amwogopaye. Leo watu waniambia ni kudra. Kudra haikupiga ngoma.

Nilimbeba kifuani mpaka hospitali kwa miguu, polepole, maana hata baiskeli ingemtikisa. Mavyaa akafuata nyuma, akisoma dua. Kule walifunga madirisha, muuguzi akavua viatu, nyayo zisije zikamshtua mtoto. Daktari alisema kwa sauti ya chini kwamba ile sumu huzuia misuli kulegea. Imebaki kukaza tu. Nikakumbuka goti juu ya meza.

Tukanyamaza sote. Lakini garimoshi la mkonge, nani angelinyamazisha? Lilipolia stesheni, mtoto alikaza mwili mzima, hata pumzi.

Alasiri likalia tena. Safari hii hakushtuka. Ngumi zake zikafunguka, kidole baada ya kidole.

"Alhamdulillahi," mavyaa akanong'ona, akanishika bega. "Waona, mwanangu? Amelegea. Pepo katoka."

Muuguzi alikuwa ameshainama, anavaa viatu vyake.