Dakika sitini zilizoinyamazisha kompyuta ya Zongwe

Saa tatu na nusu asubuhi, katika ofisi yenye dirisha moja karibu na bandari ya Kalemie, Bertille Kisimba anakodolea macho alama nyekundu kwenye kioo cha kompyuta yake. Alama hiyo ni Zongwe.

"Imenyamaza tena," anasema.

Leo ni Alhamisi. Kabla ya saa sita mchana, kituo cha afya cha Zongwe lazima kitume oda ya chanjo. Isipofika, boti ya kesho itabeba za vituo vingine na kukipita, kama ilivyokipita wiki mbili mfululizo. Watoto thelathini na saba wanasubiri sindano ya surua.

Bertille, mwenye umri wa miaka 29, ni fundi wa shirika dogo la afya. Anatunza kompyuta 22 za Windows, kuanzia mjini hadi vilima vya Kirungu. Ndani ya kila moja kuna programu ndogo ya usimamizi, ambayo huihakikishia seva ya Kalemie kwamba mashine ni ya kituo na ni salama. Mazungumzo hayo yakikatika, hakuna oda inayopita.

Zamani, mashine iliponyamaza, dawa ilikuwa moja tu: kusafiri.

"Mara moja nilifika Kirungu nimelowa mpaka magoti, nikakuta waya wa antena umechomoka," anakumbuka. "Nikausukuma na kidole kimoja. Siku ine za njia, kwa kidole kimoja!"

Aliporudi akaanza kuandika programu yake mwenyewe. Ilimchukua miezi minane, akijifunza kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Sasa, kila saa, kila kompyuta hujiuliza yenyewe maswali ambayo Bertille angeiuliza. Antena inashika? Njia ya kufika kwenye seva ipo? Mlango wa seva uko wazi? Programu ya usimamizi iko macho? Saa ni sahihi? Majibu huandikwa kwenye kioo, kwa Kiswahili, ili muuguzi ayasome hata mtandao ukiwa umekufa.

Mkuu wake, Papa Évariste, alimcheka. "Mama Bertille, sasa unataka ordinatere, hii kompyuta, ijipime homa yenyewe?"

"Ndiyo, Papa. Na iniambie digri ngapi."

Lakini Zongwe ilibaki aibu yake. Alikwenda huko mara tatu kwa boti. Kila mara alikuta saa ya kompyuta imepotea, na seva haiiamini mashine ambayo saa yake imepishana na yake kwa zaidi ya dakika tano. Akaamini kwamba betri ndogo inayotunza saa imekufa. Akaibadilisha. Safari iliyofuata akaibadilisha tena. Wiki iliyopita aliacha betri, akaweka programu yake.

Simu inalia. Ni Papa Ignace, muuguzi wa Zongwe.

"Mama Bertille, mashini inaandika mambo!"

"Nisomee, Papa."

"Antena: sawa. Njia: sawa. Mlango: wazi. Programu: iko macho. Saa: imezidi ya seva kwa dakika sitini."

"Na jana iliandika nini?"

"Sitini."

"Na juzi?"

"Njo ile ile. Sitini."

Bertille anaweka kalamu chini. Betri mbovu hupoteza saa ovyo ovyo. Haijui kuhesabu hadi sitini kamili.

"Papa Ignace, ni nani anarekebishaka saa ya mashini?"

"Ni mimi!" Sauti ina fahari. "Kila asubuhi. Ikichelewa, mimi naifwatisha na telefone. Kwangu muntu hachelewe, hata mashini."

"Na ndani ya telefone muko na laini ngapi?"

"Mbili. Ya Kongo, na ya Tanzania, ya kuongea na wale wanauzaka ndagala, samaki ndogo."

Bertille anashika kichwa, kisha anacheka hadi machozi. Simu ya muuguzi ilikuwa inafuata mnara wa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, ambako saa iko mbele kwa saa moja. Mama yake Bertille, mfanyabiashara wa vitenge vya Kigoma, hajawahi kupanga miadi bila kuuliza: "Saa ya huku ao ya ng'ambo?"

"Nimekulia ndani ya swali hilo," Bertille anasema, "na sikuiuliza mashine."

"Kumbe mimi naishi Kongo, saa yangu inaishi Tanzania!" Papa Ignace anapiga kelele, na nyuma yake akina mama waliobeba watoto wanaangua kicheko.

Muuguzi anairudisha saa nyuma. Dakika moja inapita. Ya pili. Saa nne na dakika kumi na mbili, alama ya Zongwe inageuka kijani, na oda ya chanjo inateremka kwenye kioo, mstari baada ya mstari.

Hakuna aliyepanda boti. Kule ufukweni, mashine inayokula jua la paneli mbili imejichunguza yenyewe na kusema ukweli ambao fundi aliukosa mara tatu. Papa Évariste, aliyesimama mlangoni, anavua miwani yake, anaifuta, anaivaa tena. Leo hacheki.

Kabla ya Krismasi Bertille anataka programu hiyo ifike kwenye kompyuta zote 22; sasa iko kwenye tisa. Za mwambao ataziwekea saa mbili kwenye kioo, ya Kongo na ya ng'ambo, ili asiwepo tena wa kuzisukuma saa mbele.

"Kisha nitaenda Zongwe bila sanduku la vifaa," anamwambia muuguzi. "Kukula samaki tu."

"Karibu, mama. Jumapili, saa nane."

"Ya wapi, Papa?"