Mteremko wa Hospitali

Rafiki yangu tunamwita Mzee wa Fri, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Tangu tuanze kazi ya teksi, akifika kwenye mteremko hutoa gia na kuliacha gari liteleze lenyewe, yaani fri, mpaka chini. "Petroli haiokotwi," husema. Nimemwonya mpaka nimechoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Gari lake lilipokufa, nesi mstaafu wa mtaa wa pili akampa lake la umeme alijaribie kazi mpaka mwisho wa mwezi. Likifaa, aendelee nalo. Lisipofaa, nesi atamuuzia mtu mwingine. Siku ya kwanza nesi alimwambia, "Kwenye mteremko usitoe gia, mdogo wangu," akamweleza na sababu. Akaitikia "sawa, dada" kwa mdomo tu. Mwanamume aliyezeekea kwenye usukani afundishwe kuteremka?

Akaanza maisha ya waya. Jioni anaupitisha kwenye dirisha la sebuleni, na mkewe haruhusiwi kupiga pasi mpaka gari lishibe. Asubuhi anaingia kijiweni kimya kimya, nasi tunamcheka: "Umeliwasha au unalisukuma?" Kwa safari za sokoni, shuleni na benki, nakiri lilimtosha na chaji ikabaki. Watu wengi hawaendi mbali siku nzima, ni vile tu hawajawahi kupima. Lakini kijiwe chetu kinaishi kwa hospitali kubwa, nayo iko juu mlimani. Kila alipokwenda huko alirudi chaji iko taabani, akaenda nyumbani kuchaji huku sisi tukibeba abiria wake. Mwishowe akaanza kukataa wagonjwa. Hilo lilimuuma. Siku moja mama mwenye mtoto mgonjwa alitoka kwenye mlango wa gari lake akaja kupanda langu, na yeye akageuka kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

"Nalirudisha," akaniambia. "Nitatafuta kazi ya ulinzi."

Kabla hajalirudisha, mama mkwe wake akapangiwa siku ya kutolewa bandeji ya jicho, hospitali ile ile. Mkewe akamwambia mbele yangu, "Baba, mama yangu apande basi na jicho moja, na mkwe wake ana gari mlangoni?"

Rafiki yangu akachukua ufunguo. Akanivuta pembeni. "Kaka, nifuate nyuma. Na uje na kamba ya kuvutia."

Nikamfuata. Kupanda tulipanda salama. Wakati wa kurudi nikangoja nilione gari likichomoka kwa fri kama kawaida yake. Halikuchomoka. Lilishuka taratibu, kama limebeba mayai. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, na mtu anaweza kubishana na trafiki na mkewe pia, lakini kumtelezesha mama mkwe ni kukosa adabu kabisa. Aliniambia baadaye kwamba mkono ulikwenda kwenye gia, akaurudisha pajani kwa aibu.

Chini ya mlima akasimama ghafla. Nikajua kimeumana, nikashuka na kamba yangu. Nikamkuta ameduwaa mbele ya kioo cha chaji.

"Kule juu ilikuwa asilimia arobaini na moja," akasema. "Sasa arobaini na sita."

"Umesoma vibaya."

"Kaka, mwezi mzima nimeisoma hii namba kuliko msahafu. Dada nesi aliniambia! Ukiiacha gia ndani, magurudumu yanazungusha mota, umeme unarudi kwenye betri. Mimi natoa gia, naumwaga njiani, najiona nabana matumizi!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mnacheka nini?" mama mkwe akauliza. Rafiki yangu akamweleza yote, mpaka ujinga wake.

"Mwanangu, unajua kwa nini miaka yote hii nikija kwako napanda basi?"

"Nilidhani teksi yangu haikuwa hadhi yako, mama."

"Hadhi gani! Nilipanda mara moja tu, nikasali kutoka juu mpaka chini. Sasa ningeanzaje kukwambia, wewe mkwe wangu?"

Miaka yote hiyo alikuwa na donge kwamba mama yule anamdharau. Nililijua donge hilo, kwa hiyo nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. "Nisamehe, mama," akasema.

"Yameisha. Haya, washa gari."

"Limewaka, mama."

Nesi hakuliuza. Safari za miji ya mbali bado anatuachia sisi, wala haoni haya kusema kwamba chaji haitafika. Lakini wagonjwa anapandisha kutwa, na mama mwenye mtoto sasa ni abiria wake. Mama mkwe naye ameachana na basi. Akitaka kuja humpigia simu kwanza, kumuuliza kama gari limeshiba.