Kwinini na Gita la Besi

Mwaka niliougua ile malaria kali, Nachingwea nzima ilikuwa imeshanizoea kama "dada wa besi". Mambo yalianzia kwenye kwaya ya parokia. Mpiga besi wetu alipata kazi Mtwara akaondoka, na mwalimu wa kwaya akanivalisha mimi mkanda wa gita. Sababu aliyotoa ilikuwa kwamba nilisimama karibu na spika kuliko wenzangu, kwa hiyo nitakuwa nimeshasikia vya kutosha. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nashona nguo na mama sokoni. Vidole vilitoka malengelenge, vikapona, vikawa vigumu.

Bendi ilikuja baadaye. Fundi mmoja wa magari aliachiwa kasha la kaseti na mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya aliyemaliza mkataba wake. Hamkuwa na dansi mle, wala taarabu. Ilikuwa roki, tena ile isiyopigwa redioni: magita yanayokoroma, na waimbaji wanaoimba kama watu waliokasirika kisha wakachoka. Fundi alizisikiliza gereji mpaka gita lake mwenyewe likakoroma. Alimweka mdogo wake kwenye drams, halafu akaja sokoni kuniuliza kama naweza kupiga besi isiyo ya kanisani.

"Tofauti yake nini?" nikamuuliza.

"Hii unaruhusiwa kukasirika."

Nikajiunga. Nyimbo zetu tulitunga kwa Kiswahili, kuhusu barabara iliyokatika masika na vijana waliokwenda Dar wakanyamaza. Watu walikuja kututazama, lakini walisimama tu mikono kifuani, hawajui muziki huo unachezwaje. Mzee mmoja alitusogelea akatuuliza, kwa upole kabisa, kama vyombo vyetu vimeharibika.

Msimu wa korosho, watu wakiwa na chochote mfukoni, tulialikwa Ruangwa kupiga mchana kwenye ukumbi. Tulikuwa hatujawahi kuitwa mji mwingine. Nami ndipo nikaugua.

Safari ya hospitali siikumbuki vizuri. Mama anasema nilifungwa kwa khanga kwenye baiskeli ya jirani ili nisianguke. Nakumbuka dripu ya kwinini ikidondoka, na baadaye baridi nzuri usoni, ishara kwamba homa imeshuka. Nikafumbua macho. Mama alikuwa ananiambia kitu, midomo inacheza, sauti hakuna. Kilichokuwepo masikioni ni mlio mwembamba usiokatika, kama wa mbu aliyeingia akakosa njia ya kutokea.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Aliinama, akasema kwa nguvu sikioni mwangu, "Ni dawa, binti. Kwinini huziba masikio. Ikiisha mwilini, kwa wengi hufunguka."

Nililishika lile neno "wengi" kuliko mengine yote. Waliobaki je?

Nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Masikio yalifunguka kidogo, yakakwama hapo. Watu waliongea nami kama walio nyuma ya ukuta. Cherehani ya mama niliiona ikizunguka kimya. Gita nililiegemeza ukutani, nikalifunika kitenge, maana kulitazama kulinitia uchungu. Niliogopa kulijaribu. Kabla ya kujaribu ningeweza kusema huenda nitasikia, na hiyo "huenda" sikutaka kuipoteza.

Siku moja fundi alikuja kuniona. Alizungumza na mama barazani, nami nikasoma nyuso zao. Nilielewa: Ruangwa imekaribia, wanatafuta mtu. Mama hakuwahi kuupenda muziki wetu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, nyumbani tuliongea Kimakonde, na nyimbo zetu alizifananisha na mashine ya kusaga. Lakini alitikisa kichwa. Akaja kunipazia sauti sikioni.

"Nimemwambia asitafute mtu. Kwanza ukajaribu."

"Nisiposikia?"

"Utakuwa umejua. Inuka."

Tukaenda gereji, yeye mbele, mimi na gita nyuma. Fundi akachomeka waya. Niliuegemeza mwili wa gita tumboni, nikavuta uzi mzito kuliko wote.

Nikasikia.

Sauti ilikuwa nene na kamili, ilivyokuwa siku zote. Nikavuta tena, nikashuka, nikapanda. Mdogo wake fundi akaanza kupiga. Visahani vya drams vilitikisika bila kutoa hata mnong'ono, na gita la fundi lilikuwa nzi ndani ya chupa. Lakini ngoma ile kubwa ya mguu niliisikia. Baadaye daktari alinieleza kwamba dawa ile aghalabu hugusa zaidi sauti za juu. Siku ile sikuhitaji maelezo. Nilikaa juu ya tairi, nikaendelea kupiga huku machozi yanashuka.

Mama alisimama mlangoni. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Najisikia mwenyewe."

Ruangwa tulikwenda juu ya lori, vyombo vimelazwa katikati ya magunia ya korosho. Ukumbini sikumsikia mwimbaji, ambaye ndiye fundi, wala gita lake. Nikaamua kumfuata mpiga drams. Nilikazia macho mguu wake mwanzo hadi mwisho, kila ukishuka na mimi nashuka. Kumbe siku zote tulikuwa tunakimbizana, kila mtu na njia yake, na gita la fundi likituburuta. Siku ile tulitulia. Wimbo wa pili haujaisha, wasichana wawili waliacha ukuta wakaingia katikati, mabega yakicheza kama kwenye ngoma za Kimwera. Wengine wakafuata. Fundi alinigeukia, macho yamemtoka, akasema kitu. Sikukisikia, nikatabasamu tu.

Masikio yalirudi polepole, baada ya hapo. Kwanza jogoo, kisha mkasi wa mama ukikata kitambaa. Fundi nilimwambia gita lake ni kali mno, apunguze.

"Liko hivyo tangu zamani," akasema.

Tulipiga miaka mingi. Lindi, Mtwara, hata Dar, ambako tulirekodi kaseti iliyochezwa redioni mara chache kabla bongo fleva haijameza kila kitu. Bendi ilikufa bila ugomvi, na hilo nalishukuru mpaka leo. Mpiga drams alipata ualimu Kilimarondo, fundi akafungua gereji kubwa. Mimi niliolewa Ruangwa, nikawa napigia besi bendi za dansi na sherehe za harusi. Wote walinisifia jambo moja, kwamba sikimbii. Sikuwaeleza nilijifunzia wapi.

Mama alipokuja kumwona mjukuu wake, tukiwa jikoni tunamenya mihogo, nilimuuliza kama kule hospitali alikuwa ameniombea masikio.

"Masikio?" Alishangaa kweli. "Mimi niliomba uhai tu. Masikio hata sikuyataja."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini, nami nikacheka naye.