Miguu ya Mama Mdogo

Mpaka leo, nikisikia maji ya moto yakimiminwa kwenye beseni la plastiki, pua yangu huniletea harufu ya moshi wa kuni na sabuni ya mche, hata kama niko jikoni kwangu mjini Kisii na hakuna kuni karibu. Binti yangu huniuliza, "Mama, mbona unacheka peke yako?" Mimi humjibu kwamba nimekumbuka miguu ya mama mdogo. Hunitazama kama mtu anayehitaji kupumzika. Nyinyi acheni niwaeleze tangu mwanzo.

Kwetu ni Manga, ambako mashamba ya chai hushuka mlima mpaka kwenye migomba, na vijia hupita katikati kama mistari ya kusuka nywele. Tulikuwa Wasabato. Ijumaa, jua likianza kulegea, chakula kilikuwa kimeshapikwa na viatu vimeshapakwa rangi. Kila robo ya mwaka tulishiriki Meza ya Bwana, na kabla ya mkate watu waliosha miguu ya wenzao. Wanaume walibaki kanisani, wanawake wakaenda darasa la watoto na mabeseni yao. Kila mama alichagua mwenzake, wakaoshana, wakakumbatiana.

Sasa niwaambie siri ya akina mama wa kwetu: hakuna hata mmoja aliyekwenda kuoshwa akiwa na miguu michafu. Asubuhi ya siku hiyo walisugua visigino kwa jiwe mpaka vikang'aa, wakapaka mafuta, wakavaa soksi safi. Nani angekubali mwenzake aone utomvu wa ndizi na nyufa za shambani? Mama yangu alikuwa shemasi, na jiwe letu lilikuwa limeisha upande mmoja kwa kazi hiyo.

Mama mdogo, mke wa ndugu yake baba, aliishi chini kidogo ya kwetu. Kati ya nyumba zetu kulikuwa na kijia, na mwisho wa kijia alikuwapo binti yake, Kemunto, ambaye tulilingana umri na hatukuachana ila wakati wa kulala. Halafu mkungu wa ndizi ukapotea kwenye mgomba wetu ulio kando ya kijia hicho. Mama hakuuliza mtu. Jioni, kwenye kituo cha kupimia majani chai, wanawake wamepanga vikapu wakisubiri lori, alimtaja mama mdogo kwa jina na kumwita mwizi. Ulimi hauna mfupa. Mama mdogo alipima majani yake akaenda zake.

Kesho yake kijia kilikuwa kimezibwa kwa matawi ya miiba. Mama mdogo akaacha kuja kanisani, na Kemunto akakatazwa kucheza nami. Nilikuwa nikisimama kwenye ile miiba nikimsikia akizungumza na kuku wao, na nilihuzunika kwelikweli, kwa sababu yale mazungumzo na kuku yalikuwa yetu wawili.

Siku moja, baba akiwa anakula, alisema kwamba ndizi za mgomba ule huwa tamu, ndiyo maana alikata mkungu mzima akawapa wanakwaya wageni waliotoka Birongo. "Kwani sikukuambia?" Mama aliweka sahani chini polepole. Mimi moyo uliruka: kesho miiba itaondolewa!

Haikuondolewa. Mama hakumwambia mtu. Aliendelea kuongoza maombi ya nyumbani, ila yalikuwa marefu kuliko zamani, na akimaliza hakutuangalia usoni. Miiba ilikauka pale pale, na mimi nikazoea kucheza peke yangu.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Nilikuwa nimebeba taulo. Mwenzake mama, bibi mmoja mpole aliyeoshana naye miaka yote, alikuwa ameshavua soksi. Mama alipiga magoti, akashika mguu wake, kisha akauachilia.

"Nisamehe, nyanya," alisema. "Siwezi."

Akainuka, akajitwika beseni na maji yake, akatoka nje mbele ya macho ya wanawake wote. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini taulo nilikuwa nalo mimi, basi nikamfuata.

Kwenye kijia aliisukuma miiba kwa mikono mpaka ikamchubua. Mama mdogo alikuwa ameketi nje ya nyumba yake.

"Mama Kemunto, nimekuja kukuosha miguu."

"Miguu yangu nimeiosha mwenyewe."

Mama akaeleza yote papo hapo, amesimama na beseni mikononi: mkungu ulikatwa na baba.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mahindi hayajatoa mbelewele."

Mama mdogo aliangalia mahindi, ambayo sasa yalikuwa yanakauka shambani. "Kwa hiyo ulinitukania kituoni, watu wote wakisikia, halafu unataka kuniosha hapa, mashahidi wakiwa kuku? Mwaga hayo maji, Mama Nyaboke. Ukiwa na neno, kituo unakijua."

Mama aliyamwaga kwenye shina la mgomba. Nililia njia nzima, nikidhani ndiyo basi, nimempoteza Kemunto.

Jumatatu jioni, kituoni, mama alitua kikapu na kusimama karibu na mizani. "Akina mama, nisikilizeni. Hapa ndipo nilipomwita Mama Kemunto mwizi. Hakuiba. Ndizi zilikatwa na mume wangu. Na nimelijua hilo siku nyingi, nikanyamaza kwa kuogopa midomo yenu."

Sauti ikatoka nyuma: "Na ni shemasi!"

"Ndiyo," mama akasema, "na ni shemasi."

Mama mdogo alipima majani yake akaenda zake, kama siku ile. Lakini njiani kurudi nyumbani mama alianza kuimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa umefunguka.

Mvua ilinyesha, ikakatika. Kabla ya giza nilisikia matawi yakiburutwa. Mama mdogo akatokea kwenye kijia, peku, matope mpaka kwenye goti, Kemunto nyuma yake. Aliketi kwenye kigoda nje ya jiko letu.

"Bono," alisema, yaani sasa, "lile beseni liko wapi?"

Mama aliteleka maji. Alipoosha, maji yaligeuka rangi ya chai. Akayamwaga, akaleta mengine, nayo yakageuka.

"Polepole hapo kwenye kisigino, kuna mwiba."

"Wa wapi?"

"Wa uzio wangu mwenyewe. Nimeukanyaga nikiuondoa."

Walicheka mpaka mama akafuta machozi kwa taulo la miguu. Kisha mama mdogo akamvuta mama akae, akaanza kumvua viatu.

"Acha, sijanawa! Nimetoka shambani!"

"Ndiyo maana," mama mdogo akasema, na kumshika mguu.

Sisi hatukusubiri mwisho. Tulikuwa tumeshakimbia chini ya kijia, tukipiga kelele, kwenda kuwasalimia kuku.

Siku ile nilielewa tu kwamba njia imefunguka, na kwa mtoto hilo lilitosha kabisa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba huko kanisani nilikuwa nimeona miguu safi ikiloweshwa, na kwamba ya mama mdogo ndiyo ya kwanza niliyoiona ikioshwa. Mimi pia ni shemasi sasa, na ulimi nimeurithi wote. Ndiyo maana asubuhi ya Meza ya Bwana, kabla sijatafuta jiwe la visigino, hutafuta simu kwanza, nimpigie yeyote niliyemkosea. Kuna mara ambazo nazungumza muda mrefu, na ikifika saa ya kutoka, natoka na visigino vyangu vikiwa vile vilivyo.