Mchezaji Aliyesimama na Mpira

Stanislaus wa Kasulu utamjua kwa sauti kabla hujamwona sura. Ukipita karibu na stendi ukasikia mtu mzima anapiga kelele, "Ruka! Pita juu ya paa!" usishtuke. Ni yeye, yuko kibandani kwake anacheza gemu na wanaume wenzake wenye ndevu zao.

Na si gemu la mpira wa miguu, ni la mpira wa kikapu! Wachezaji wa humo, jamani, vichwa kama maboga, miguu kama mipini ya majembe. Wanaruka mpaka wanapotea juu ya televisheni. Unawangoja, wanarudi na mpira unawaka moto, wanavunja goli lenyewe vipande vipande, na hakuna wa kuwauliza. Diski ilikuja ndani ya mashine ya gemu aliyouziwa na Rigobert, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwanzoni watu walimcheka. Leo wanasukumana foleni.

Ila kibanda hicho kina kidonda chake. Baba yake, Mzee Niyubahwe wa Titye, alimpa mtamba wa ng'ombe wa kuanzia maisha. Stanislaus akamuuza, akanunua televisheni. Mzee alipopata habari wala hakugomba. Alisema tu, "Humo mimi siingii. Labda mnibebe." Mwaka wa tatu huu. Stanislaus huenda Titye kusaidia kulima, wanasalimiana vizuri, wanakula sahani moja, lakini kibanda hakitajwi. Na yeye, pamoja na maneno yake mengi, kila siku ya soko hufuta vumbi kwenye kiti kimoja chenye mto, pale kwenye kona. Ukikikalia anakuinua. "Hicho kina mwenyewe," anasema, na watu wote wa stendi wanamjua huyo mwenyewe ni nani.

Jumamosi iliyopita akaja Claude, bingwa wa Kibondo, kijana wa Mabamba asiyecheka ovyo. Wiki nzima Stanislaus alikuwa ametamba, "Nitamrudisha kwao analia!" Kibanda kilijaa mpaka watu wakaning'inia dirishani. Firdausi, muuza maandazi wa jirani, aliingia kuchungulia mara moja tu, unga bado mikononi, akabaki humo humo.

Zikabaki sekunde ishirini. Claude hamsini na mbili, Stanislaus hamsini na moja. Lakini mpira alikuwa nao Stanislaus, na ulikuwa unawaka moto, na kwenye gemu lile mpira ukishawaka haukosi goli. Kilichobaki ni kuruka tu.

Mlangoni pakaingia giza. Alikuwa Mzee Niyubahwe, kofia kichwani, fimbo mkononi.

Sasa, kwa Waha mzee hasalimiwi huku mikono ina kazi nyingine. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari moja baada ya nyingine. Na kitufe cha kusimamisha mchezo kilikuwa kimekufa tangu mwaka juzi. Stanislaus akaitazama televisheni, akamtazama baba yake. Moyo ulimruka kuliko wale wa kwenye gemu.

Akaiweka pedi ya kuchezea sakafuni.

Akainama, akapiga makofi. Nyumbani hawajambo? Mama je? Maharage yameshika? Yule mbuzi aliyekuwa anachechemea? Mzee akajibu kila moja bila haraka, naye akaanza za kwake. Kwenye televisheni yule mwenye kichwa cha boga amesimama, anadunda mpira wake wa moto papo hapo. Claude angenyoosha kidole tu angempokonya. Macho yote yakamgeukia. Claude akaweka pedi yake chini, akainama, naye akapiga makofi. Wakafuata wa dirishani. Hata Firdausi, ambaye kwao ni Ujiji na mambo hayo hayajui vizuri, akapiga makofi mpaka unga ukamwingia puani.

Honi ikalia. Muda umekwisha.

"Umefungwa, Stani," mtu akanong'ona.

"Sijamfunga mtu," akasema Claude. "Tutarudia."

Mzee akaangaza huku na huku. "Nimeingia kukwepa jua tu," akasema. Huko nje kulikuwa na mawingu tangu asubuhi, ila hakuna aliyethubutu kucheka. Stanislaus akavuta kile kiti chenye mto. Mzee akakaa. Akaikodolea macho televisheni.

"Huyu mwenye kichwa kikubwa, wale wengine wanashangilia, yeye mbona kasimama tu na mpira?"

"Alikuwa anakungoja, Baba."

Mzee akakohoa. Akalaza fimbo yake chini, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Basi mwambie nimefika. Acheze."