Ndevu za Atanasi

Sogea karibu, mwanangu, unisikilize; sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nakumbuka siku moja, wakati wa vita vya kumwondoa Mreno, serikali yake ilipofungua makumbusho mjini kwetu ndani ya forodha ya zamani. Ukutani na mezani walipanga picha na vinyago vya mume wangu, Matias, mchongaji wa pale pale. Tulialikwa mji mzima, na mwaliko ule haukuwa wa kukataa.

Picha zilikuwa za pwani na mashamba ya mihogo, hazikuwa na neno. Lakini katikati ya chumba palikuwa na kichwa cha mpingo. Alikuwa Atanasi, rafiki wa Matias: pua yake, chale za ukoo wao mashavuni, na ndevu.

Ngoja nikueleze habari ya ndevu. Mama yake Atanasi alikwisha kwenda posto, ofisi ya serikali ya Mreno, kusema mwanawe amekufa maji, angali kijana wa kidevu kitupu. Kumbe kijana alivuka mto Ruvuma kujiunga na wapiganaji, na ndevu zilimwota huko huko msituni. Matias alibahatika kumwona mara moja, akarudi na uso ule kichwani. Alimchonga kwa mapenzi. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Mkuu wa posto akasimama mbele ya kile kichwa. Atanasi aliwahi kumfulia nguo. Mkuu akamgeukia mama yake Atanasi.

"Mama, huyu si mwanao?"

Nilimwona Matias akishika ukingo wa meza.

Mama akacheka. "Bwana mkubwa, mwanangu ndevu alizipata wapi? Huyo baba yake, marehemu. Na Matias kampendelea! Mume wangu alikuwa na sura mbaya kuliko hiyo."

Watu wakacheka, mkuu naye akacheka. Akakipenda kile kichwa, akaagiza kipelekwe Ureno.

Tulipotoka nje, mama alimshika Matias mkono. Hakufoka. "Umempatia, baba. Hata kovu la kwenye nyusi. Nilitaka kumbusu, nikalazimika kumcheka. Mbona hukuja kwanza kuniuliza?"

Atanasi hakurudi kutoka vitani, na picha yake nyingine haikuwapo popote. Mama alizeeka akimwuliza kila aliyetoka Ureno kama amekiona kichwa cha mpingo chenye ndevu. Alikufa akiuliza.

Mwanangu, nakuona unavyochora, na unavyowapiga watu picha kwa simu yako. Kazi yako nzuri, usiiache. Ila uso wa mtu una wenyewe, na wako watu ambao uhai wao ni kutoonekana. Mungu aubariki mkono wako, na wote unaowachora awarudishe kwao salama. Na kabla hujaitoa picha ya mtu mbele za watu, nenda kwanza nyumbani kwao, piga hodi, uulize.