Ubeti Niliomwimbia Mama Hisako

Habari hii hata mume wangu hajaisikia yote, kwa hivyo nikiisikia hapa kwetu Mutuini nitajua imetoka kwa mmoja wenu, nanyi si wengi. Nimeaibika mara nyingi maishani (niliwahi kuanguka na sinia la pilau kwenye harusi ya binamu yangu kule Kinoo, na wageni wakala hivyo hivyo), lakini zile nyingine niliaibika peke yangu, hii nilimwaibisha mtu mwingine, mgeni, mzee wa kunizaa, tena nikimwimbia.

Nyinyi mnanijua kama Mwalimu Wairimu wa Kiswahili, darasa la saba. Upande wangu wa pili hamuujui. Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa natuma mashairi gazetini kila wiki kwa jina la Upanga wa Dagoretti, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kujibu watu. Si mnajua washairi wetu walivyo, mmoja akiandika kwamba mke mvivu ni mzigo, wiki inayofuata mwingine anamjibu, naye anajibiwa, mpaka mhariri anaomba jameni muachie hapo. Mimi nilikuwa naingia mwisho, wengine wakishachoka. Kuna mzee mmoja wa Nakuru nilimjibu kwa beti sita juu ya mahari, na nasikia hakuandika tena, nami nikalichukulia jambo hilo kama cheti.

Basi Mwalimu Barasa, mtu mpole wa Kakamega tuliyefundisha naye kabla hajastaafu, akaniletea barua ya mwaliko. Ilikuwa siku ya ushairi wa amani, mjini, mwezi wa Agosti shule zikiwa zimefungwa, na washairi kumi tungetunga shairi moja kwa pamoja kwa mtindo wa Kijapani, kila mtu anatazama ubeti uliotangulia kisha anaunganisha wake. Barua ilikuwa na kurasa tatu. Nilisoma wa kwanza.

"Madam, saa tatu kamili tafadhali," Barasa aliniambia. "Saa ile ya kwanza ndiyo yenye maelezo yote."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nilianza kuunganisha beti kabla yeye hajaota ndevu. (Nimeshasema Barasa amestaafu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.)

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kabisa. Asubuhi ile nilipofika Dagoretti sokoni nikaona saluni ya Mama Shiro iko wazi na ndani hakuna mteja hata mmoja, jambo linalotokea kama mara moja kwa mwaka, nami nilikuwa nimesikia kwamba mwandishi wa gazeti angekuja na kamera, nikajiuliza, maelezo ya kutunga beti niyapate mimi, kwani nimeanza jana? Nikaketi. Mama Shiro akanipaka dawa, akaniosha, akanifunga rola, akanitia chini ya mashine, na mashine haijapata joto stima ikapotea.

"Usijali Mwalimu, itarudi saa hii tu," akasema.

Ilirudi baada ya saa moja na nusu, nami sikuwa tena na muda wa kukauka, Mama Shiro akanifungua rola haraka haraka. Nilifika mjini saa tano kasorobo, nimejifunga kitambaa, nywele mbichi, na ile baridi ya Agosti inaniingia masikioni.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, viti vimepangwa nusu duara, na watu wote wako kimya, wengine macho mekundu wanapangusa pua. Nikajisemea, homa imewashika hawa, ni hali ya hewa. Mbele kabisa alikuwa ameketi mama mzee wa Kijapani, mdogo wa mwili, sweta ya kijivu, mikono mapajani, na kando yake mkalimani, msichana anaitwa Yumi aliyejifunza Kiswahili Unguja na ambaye nadhani husema tafadhali hata anapofungua mlango. Yule mama nikajua ni mfadhili, kwa sababu kwetu mgeni akiwekwa mbele na akanyamaza, huyo ni mfadhili.

Barasa akanijia mbiombio. "Madam, umekosa mambo mengi sana. Ngoja nikueleze kidogo kabla hujaandika."

"Endelea na kazi yako, Mwalimu," nikamwambia. "Mimi nitashika tu."

Akaniangalia, akataka kusema neno, akaacha (Barasa amelelewa vizuri, ndiyo shida yake), akanipa karatasi kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika. Ilikuwa imekunjwa ubeti wa mwisho tu ndio uonekane, bila jina la aliyeuandika. "Mistari miwili tu," akanong'ona. Nikasoma:

*Dada akaomba maji,*
*nami nilikuwa na kikombe.*
*Sikumpa.*

Sasa nielewe­ni hali yangu. Barua ilisema amani, na kwangu mimi amani ilikuwa majirani wasigombane. Kule kwetu mifereji ilikuwa imekauka wiki ya tatu, na jirani yangu mwenye kisima alikuwa amekitia kufuli, anapita na ndoo yake imejaa anatusalimia "Bwana asifiwe." Halafu hapa naletewa mtu anayekiri uchoyo wake mchana kweupe, dada yake wa damu anamnyima maji, hajuti, haombi radhi, na vina hana! Nikasema huu ni mtego nimewekewa mimi Upanga, waone kama bado ninakata. Damu ikanichemka. Ile mistari miwili nikaisahau, nikaandika minne kwa mizani kamili, na sikuichukua karatasi nikairudisha kimya kimya kama walivyofanya wenzangu. Nilisimama. Nikakohoa. Nikaimba.

*Mchoyo nakuuliza, jibu mbele ya wageni,*
*Dada ukamkataza, wewe una roho gani?*
*Kikombe ukakijaza, nacho kipo mkononi,*
*Niambie ukiweza, maji yale kanywa nani?*

Wanafunzi wangu wa mashindano ya kukariri huwa nawafundisha kwamba usiimbie hewa, chagua mtu mmoja mbele umwelekezee kidole, shairi litamfikia kila mtu. Nikamchagua yule mfadhili.

Ukumbi ukanyamaza kabisa. Mimi nimezoea watu wakinyamaza hivyo wamezidiwa, kwa hivyo nikarudia kituo, *maji yale kanywa nani*, kidole kiko pale pale, na walipozidi kunyamaza nikawaambia, "Itikieni basi!" Hakuna aliyeitikia. Mzee mmoja nyuma akasema "Woi" kwa sauti ndogo, nikadhani ni sifa, nikarudia mara ya tatu.

Yumi alikuwa ameacha kutafsiri. Yule mama akamgusa mkono, akasema neno, Yumi akatikisa kichwa akikataa, mama akasema tena lile lile. Basi Yumi akainama akamwambia sikioni, mstari kwa mstari, na nilimwona yule mama akisikiliza hadi mwisho bila kuniondolea macho.

Barasa akanishika kiwiko. Nilimjua miaka kumi na miwili na hakuwahi kunigusa. "Madam," akaninong'oneza, "keti. Huyo ni Mama Hisako wa Hiroshima. Ubeti ule ni wake. Alikuwa na miaka tisa bomu lilipoanguka. Dada yake aliungua mwili wote, akafa akiomba maji. Ametueleza yote asubuhi. Tumelia hapa sisi wote."

Bomu lile nalijua. Nimewahi kushikilia somo la historia muhula mzima mwenzangu akiwa mgonjwa, na kwenye kitabu lilikuwa na mistari minne, tukaisoma, nikawauliza watoto kama kuna swali, hakuna, tukatoka kwenda uji. Niliketi. Niliona haya mpaka meno yakaniuma, na nisiwafiche, nilitaka kufa, na kama ningekufa nisingetaka mazishi makubwa.

Barasa akachukua kalamu aufute ubeti wangu. Mama Hisako akainua mkono. Yumi akatafsiri: "Anasema tafadhali usifute. Katika ushairi huu ubeti ukishawekwa hauondolewi. Anayefuata ndiye hupokea." Aliyekuwa anafuata kwa zamu alikuwa mchungaji mmoja kijana wa Kawangware, naye akasema anampisha mama, na akasema hivyo haraka sana.

Mama Hisako akaweka karatasi magotini. Alikaa nayo muda mrefu, nje wauza magazeti wanaita. Kisha akaandika, akampa Yumi, Yumi akasoma, akasoma tena, akatuambia kwa Kiswahili:

*Niliyanywa mimi.*
*Yalikuwa matamu.*

Halafu yule mama akazungumza, kidogo kidogo, Yumi anamfuata nyuma. Alisema siku ile wakubwa walikuwa wanapita wakikataza watu wasiwape maji walioungua, ati wakinywa watakufa upesi. Kwa hivyo miaka yote hii kila anaposimulia, shuleni, kwenye kumbi, akifika pale pa kusema sikumpa, watu humwambia pole, ulikuwa mtoto, uliwatii wakubwa, huna kosa. Huwa anawashukuru. Na maneno huwa yanaishia hapo, kwenye kikombe. Hata mumewe hakujua. Alikuwa na kiu, dada yake anamtazama, akageuka ukutani akanywa yote.

"Anasema," Yumi akamalizia, "huyu mwalimu ndiye mtu wa kwanza kumuuliza."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema jambo la maana. Mimi ni mwalimu wa lugha, maneno ndiyo kazi yangu. Nilisimama, nikasema, "Pole." Nikaona haitoshi, nikasema, "Pole sana." Na hiyo nayo nikaona haitoshi, na Mungu anisamehe, nikasema, "Karibu Kenya."

Yumi akatafsiri hata hiyo. Mama Hisako akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemliza tena, kumbe anacheka, kisha kile kicheko kikageuka kikawa kilio kweli, nami nikajikuta niko magotini mbele ya kiti chake, kitambaa kimeanguka, rola moja imebaki kisogoni (Mama Shiro hakuiona, na mimi sikujua), nalia kuliko yeye. Akaniwekea mkono kichwani. Aliitoa ile rola polepole, akaitia mfukoni mwa koti langu bila kusema kitu.

Mngedhani imeishia hapo. Lakini saa nane tulishuka bustanini kusoma shairi lote mbele ya watu, na utaratibu ulikuwa kila mtunzi asome wake mwenyewe. Nilimwomba Barasa anisomee. Barasa, mtu mpole yule, akasema, "Madam, hapana." Kwa hivyo nilisimama bega kwa bega na Mama Hisako, mbele ya wapita njia na watu waliokuwa wakila mahindi ya kuchoma, nikamwita mchoyo mara ya pili. Safari hii sikuimba. Nilipofika kwenye swali sauti ikakatika, akanisubiri, nikalimalizia kwa kunong'ona, naye akajibu kwa Kijapani, wazi, kichwa juu. Jamaa mmoja mwenye hindi mkononi akamuuliza mwenzake huyu mama wa watu amefanyiwa nini. Mwenzake akamwambia nyamaza usikie.

Picha ilitoka gazetini. Mimi nimefungua mdomo.

Jina la Upanga nililiacha mwaka huo huo. Sijaacha kutunga, lakini kujibu niliapa sitajibu, na kiapo hicho kimenigharimu, kwa maana kuna bwana mmoja wa Kitale aliyenichokoza kwa beti kumi na mbili kuhusu wanawake wanaoacha waume zao, anasema Kiswahili kimenishinda, na shuleni walimu wenzangu wamekata ule ukurasa wakaubandika karibu na birika la chai. Zamani ningemmaliza kabla chai haijapoa. Nimezisoma beti zake zote kumi na mbili, nikazirudia. Ule wa tisa umenikalisha. Siku moja nitapanda gari niende Kitale nikamuulize yule bwana mke wake aliondoka lini.